Karisi ya Mwindo Mezani pa Wahariri wa Kigiriki na Kilatini

Miongoni mwa kazi za fasihi simulizi zilizokusanywa mashariki ya Kongo, ni chache zilizosafiri mbali kama karisi ya Mwindo. Fanani Candi Rureke aliitoa mwaka 1956 katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga, wilayani Walikale. Kwa muda wa siku 12 aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, huku Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, na wasaidizi wake wakiandika. Mwaka 1969 Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene waliitoa kazi hiyo katika kitabu kiitwacho The Mwindo Epic, kilichochapwa na Chuo Kikuu cha California. Tangu hapo Mwindo, yule mtoto aliyezaliwa akitembea na kuzungumza, aliyemfuata baba yake Shemwindo hadi kuzimu, amekuwa mkazi wa kudumu wa madarasa ya fasihi ya dunia. Humo huketishwa karibu na Achilles na Odysseus, na wanaomketisha hapo huamini kwamba wanamheshimu.

Heshima hiyo inastahili kuchunguzwa. Kumlinganisha fanani wa Walikale na Homer ni kumwingiza katika nyumba yenye taratibu zake, taratibu zilizojengwa na wachapaji na wahariri wa Kigiriki na Kilatini kwa karne nyingi. Katika nyumba hiyo mshairi hapewi jina tu. Hupewa mhariri, hupewa matini iliyosahihishwa kwa lugha yake mwenyewe, hupewa safu ya tofauti za miswada chini ya ukurasa, hupewa kamusi. Kwa Mwindo, jina la epiki lilikopwa mapema. Kazi ya mhariri ilikopwa nusu, na nusu iliyobaki imesahauliwa kiasi kwamba wengi hawajui kuwa haipo.

Mjadala wa jina ni maarufu na hauhitaji kurudiwa kirefu. Mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha California, Ruth Finnegan alitilia shaka kuwepo kwa epiki kama utanzu ulioenea katika Afrika kusini ya Sahara. Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979 katika The Epic in Africa, na Mwindo alikuwa mmoja wa mashahidi wake wakuu. Mugyabuso Mulokozi naye aliingia katika mjadala huo mwaka 1986 kwa utafiti wake juu ya nanga za Wahaya. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba Okpewho alisomea kwanza lugha na fasihi za Kigiriki na Kilatini. Alijua kwamba Homer anayesomwa chuoni ni zao la kazi ya wahariri, na kwamba nadharia ya Milman Parry na Albert Lord kuhusu utunzi simulizi iliwatikisa wahariri hao kabla ya kuwafikia wataalamu wa Afrika. Waliomfuata walichukua hitimisho lake, yaani kwamba Afrika ina epiki, wakaiacha njia iliyomfikisha huko.

Njia hiyo ni ipi? Haina budi kuelezwa kwa mifano, maana katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki lugha hizi mbili hutajwa kwa jina tu. Mwaka 1849 kampuni ya Teubner ya Leipzig ilianza kuchapa mfululizo wa matini za Kigiriki na Kilatini ambao haujakoma hadi leo. Kwa sasa uko chini ya De Gruyter, iliyoungana na Brill mwaka 2024. Juu ya ukurasa wa Teubner kuna matini peke yake. Chini kuna safu fupi inayotaja kila mswada kwa herufi moja: mswada fulani una neno hili, mwingine una lile, mhariri fulani wa zamani alipendekeza la tatu. Hata utangulizi, kwa desturi ya muda mrefu, uliandikwa kwa Kilatini. Oxford ilifuata mtindo huohuo. Loeb, mfululizo ulioanza kutoka mwaka 1912 na ambao tangu kifo cha mwanzilishi wake mwaka 1933 umekuwa mali ya Chuo Kikuu cha Harvard, uliongeza tafsiri ya Kiingereza, lakini uliiweka upande wa kulia. Kushoto, mahali jicho linapoanzia, kuna Kigiriki au Kilatini.

Mfululizo wa Kifaransa, ule wa chama cha Guillaume Budé, una historia inayowagusa zaidi wasomaji wa Kivu. Inasimuliwa kwamba Joseph Vendryes, mwanaisimu, alipokuwa akienda vitani katika Vita Kuu ya Kwanza alitaka kubeba Homer katika mkoba wake. Akatafuta toleo la kitaalamu lililohaririwa na Wafaransa, asilipate. Yaliyokuwepo yalikuwa ya Wajerumani, na ndio waliokuwa adui. Chama kilianzishwa mwaka 1917, vita vikiendelea bado, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1920. Si lazima kukubali kila kipengele cha kisa hiki ili kuona maana yake. Taifa zima liliona aibu kusoma matini, tena ya lugha isiyo yake, kupitia mikono ya wengine, na likaitibu aibu hiyo kwa kuchapa.

Kitabu cha 1969 kikipimwa kwa kipimo hiki, hapana budi kuanza na sifa, kwani zipo na ni kubwa. Wahariri wake walimtaja fanani kwa jina lake, walitaja kijiji na mwaka, walieleza namna matini ilivyoandikwa, tena walichapa Kinyanga chenyewe. Hilo la mwisho si jambo dogo: wakusanyaji wengi wa wakati wao walichapa muhtasari wa Kifaransa wakaita hadithi za wenyeji. Jina la Mateene kwenye jalada nalo lina uzito wake. Msomi wa eneo hilohilo hakutajwa katika shukrani kama mkalimani. Aliwekwa kuwa mhariri mwenza.

Kasoro iko katika mpangilio. Tafsiri ya Kiingereza inatangulia, na maelezo marefu ya kiethnografia yanaifuata tafsiri hiyo ukurasa kwa ukurasa. Matini ya Kinyanga imewekwa nyuma, baada ya kila kitu kumalizika, kama kiambatisho. Msomaji anayetaka kujua Rureke alisema nini hasa Mwindo alipokutana na Muisa, bwana wa kuzimu, hana budi kushika kurasa mbili kwa vidole viwili na kukisia mahali sentensi zinapokutana. Mwanafunzi wa Kilatini angekataa kununua Virgil wa namna hiyo. Tena maelezo yanafafanua mila, vyeo, ndege, miti na ndoa. Yanayofafanua neno kama neno ni machache. Kwa hiyo Kinyanga kimechapwa kama ushahidi kwamba tafsiri haikubuniwa, si kama kitu cha kusomwa.

Yaliyofuata yalitokana na mpangilio huo. Wahariri wa makusanyo ya baadaye, waliotaka sehemu ya Mwindo kwa ajili ya wanafunzi wao, walikata pale ambapo kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kukata: walichukua Kiingereza wakaacha kurasa za nyuma. Ndivyo Mwindo alivyoingia katika Oral Epics from Africa, kitabu kilichotolewa na John William Johnson, Thomas Hale na Stephen Belcher mwaka 1997, na katika vitabu vingine vya darasani. Kwa msomaji wa vitabu hivyo Mwindo amekuwa kazi ya Kiingereza yenye majina ya kigeni. Matini ya nyuma hung'oka kwa urahisi. Matini ya kushoto hung'oka kwa shida, kwa sababu ikiondolewa nusu ya kila ukurasa hubaki tupu.

Neno moja litaonyesha hasara. Istilahi yenyewe, karisi, katika maandishi ya Biebuyck ina alama ya toni juu ya irabu ya kwanza na alama nyingine chini ya i, kwa sababu Kinyanga hutofautisha irabu ambazo Kiswahili hakizitofautishi. Katika vitabu vilivyofuata alama zote zimedondoka, na hata hapa neno limeandikwa kwa tahajia ya Kiswahili. Wengi wangesema kwamba hilo ni jambo la wachapaji, lisilo na madhara. Lakini linganisha na Kigiriki. Alama za kiimbo za Kigiriki hazikuandikwa na Homer wala na Plato. Desturi humtaja Aristophanes wa Byzantium, mtunza maktaba wa Alexandria, kuwa ndiye aliyezianzisha mnamo mwaka 200 kabla ya Kristo, ili wasomaji wasipoteze matamshi yaliyokuwa yakififia. Wagiriki wenyewe waliacha zamani kuimba viimbo hivyo, lakini hakuna mchapaji wa kitaalamu leo anayethubutu kuchapa Iliadi bila alama hizo. Angerudishiwa kazi yake. Lugha ambayo toni zake hazisikiki tena mdomoni mwa mtu yeyote inalindwa kwa wino, na lugha ambayo toni zake zinasikika kila siku sokoni Walikale inachapwa bila toni, na hakuna mhakiki anayelalamika.

Hata hivyo, mfano wa wahariri wa Kigiriki na Kilatini hauwezi kuchukuliwa mzimamzima. Njia iliyohusishwa na Karl Lachmann, aliyetoa Lucretius wake mwaka 1850, inakusudia kupanda kutoka miswada yenye makosa hadi mswada mmoja uliopotea ambao yote ilitokana nao. Njia hiyo hufaa pale ambapo kulikuwa na mwandishi aliyeandika mara moja. Rureke hakunakili kutoka kwa mtu. Mwaka 1978, katika Hero and Chief, Biebuyck alitoa karisi nyingine tatu za Wanyanga kutoka kwa mafanani wengine, na ndani yake kuzaliwa kwa shujaa, safari zake na adhabu zake hazifanani na za Rureke. Kuzichanganya zote nne ili kupata Mwindo mmoja wa asili kungekuwa kosa kubwa kuliko kuzipuuza.

Jambo la kuvutia ni kwamba wahariri wa Homer wamegombana juu ya jambo hilohilo. Martin West alipotoa Iliadi yake kwa Teubner kati ya 1998 na 2000, alishika msimamo kwamba kulikuwa na mtunzi mmoja na matini moja, na kazi ya mhariri ni kuikaribia. Gregory Nagy na wenzake walimpinga: kwao tofauti zilizomo katika mafunjo na katika nukuu za kale ni mabaki ya utendaji mbalimbali, na kila moja ina haki ya kuonekana. Kutokana na fikra hizo kukazaliwa mradi wa kuchapa Homer mwenye matini nyingi, kila shahidi akisimama peke yake. Hapa mafanani wa Walikale wangeweza kuwafundisha maprofesa wa Oxford na Harvard. Huko hubishaniwa kama tofauti za matini zilitokana na watendaji au na wanakili waliosinzia. Kwa Wanyanga watendaji wanajulikana, na walitenda katika miaka ambayo watu walio hai wanaikumbuka. Lakini ili kufundisha, inahitajika matini zote nne zisomeke katika Kinyanga, sambamba, kwa namba za mistari zinazolingana. Ubishi juu ya Iliadi unaendeshwa kwa kutaja kitabu cha ngapi na mstari wa ngapi. Ubishi juu ya Mwindo bado unaendeshwa kwa kutaja ukurasa wa tafsiri.

Huenda ikasemwa kwamba matakwa haya ni makubwa mno kwa fasihi simulizi ya Kiafrika. Majirani wanakanusha. Mwaka 1963 Eric de Dampierre alitoa Poètes nzakara katika mfululizo wa Classiques africains, mfululizo ambao jina lake pekee linatangaza nia. Mwaka uliofuata Marcel d'Hertefelt na André Coupez walitoa kanuni za siri za ufalme wa Rwanda kwa matini, tafsiri na ufafanuzi. Mwaka 1970 Coupez na Thomas Kamanzi walichapa fasihi ya ikulu ya Rwanda huko Oxford, katika matbaa ileile ya Clarendon inayochapa Virgil na Homer. Kinyarwanda ni lugha inayozungumzwa Masisi pia, kwa hiyo kwa upande huo mfano haukuwa mbali hata kwa siku moja ya safari. Kwa Kiswahili chenyewe, J.W.T. Allen alitoa tendi sita mwaka 1971 akizingatia miswada yake. Mulokozi alitoa Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Na nyimbo za Liyongo zilipata mwaka 2004 toleo la kitaalamu lililoshughulikiwa na kikundi kizima cha watafiti. Liyongo ametendewa kama mshairi wa kale. Mwindo bado anatendewa kama habari.

Hali ya Masisi inatofautiana kidogo na ya Walikale, kwa kuwa kule kilichochapwa zaidi ni lugha kuliko fasihi. Mwaka 1992 vilitoka vitabu viwili juu ya Kihunde. Kimoja ni msamiati uliokusanywa na Shigeki Kaji na kuchapwa Tokyo. Cha pili ni sarufi ya Mateene, iliyochapwa Ujerumani. Kabla yake, mwaka 1986, Kaji alikuwa amechapa msamiati wa Kitembo, lugha jirani, wenye maelezo kwa Kiswahili cha Zaire, Kijapani na Kifaransa. Ni vitabu vya thamani. Cha Kitembo kinastahili pongezi ya pekee kwa kukiweka Kiswahili cha Kongo katika safu yake, jambo ambalo wachapaji wa karibu zaidi hawakulifikiria.

Sarufi ya Mateene inaleta swali la kufurahisha. Jina lake linasema waziwazi kwamba sintaksia, mofolojia na fonolojia zimechanganywa ndani yake. Aliyepitia shule za Kongo anajua uzito wa tamko hilo. Priscian, aliyeandika sarufi yake ya Kilatini mnamo mwaka 500, alianza na sauti, herufi na silabi, akapita katika aina za maneno, na sintaksia akaiweka katika vitabu viwili vya mwisho kati ya 18. Mpangilio huo ulirithiwa na sarufi za shule, ukarithiwa na mapadre waliofundishwa kwa sarufi hizo, ukaletwa Kivu nao. Sarufi nyingi za Kibantu zilizoandikwa misheni zinaanza na alfabeti na kuishia na sentensi, na katikati hutafutwa nominativo na akusativo pasipo na kitu kama hicho. Mateene aliuvunja mpangilio. Kama aliyeuvunja alifaulu kumsaidia msomaji ni suala jingine. Mwanafunzi anayetafuta mahali pa kiambishi fulani hupata taabu, na faharasa pana ingekuwa tiba. Lakini alionyesha kwamba kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa wanafilolojia wa Kilatini ni uangalifu wao juu ya matini, na kwamba rafu za sarufi yao zinaweza kuachwa kwao.

Na Kilatini kiko Kongo, si cha kufikirika. Seminari ndogo zilikifundisha tangu enzi ya ukoloni, na mchepuo wa Kilatini na Falsafa umo katika mpango wa shule za sekondari. Kijana wa Masisi au Walikale anayefuata mchepuo huo huchambua sentensi za Kaisari na Cicero neno kwa neno: hili ni tendo, lile ni yambwa, hapa mwandishi ametanguliza kitenzi kwa makusudi. Akikwama, hufungua kamusi ya Gaffiot ya mwaka 1934, ambamo kila maana ya neno inafuatwa na jina la mwandishi aliyelitumia. Huo ni ustadi mkubwa, na wale wanaotaka Kilatini kifutwe shuleni kwa hoja kwamba ni lugha iliyokufa wanautupa pamoja na lugha. Swali ni kwa nini ustadi huo unakomea mlangoni mwa darasa. Kijana huyohuyo, aliyezoezwa kuuliza kwa nini Cicero aliweka neno mwishoni, hajawahi kuwekewa mbele sentensi moja ya Rureke ili aulize swali lilelile, ingawa jibu angeweza kumwendea bibi yake.

Hata bibi huyo hapatikani kwa urahisi tena. Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi, na tangu hapo vita vimerudi tena na tena kwa majina mbalimbali. Mwaka 2025 pekee, Masisi-mjini ilitekwa mwezi Januari na Walikale-mjini mwezi Machi. Watu wa vijiji vizima waliishi miaka kambini karibu na Goma, ambako watoto walikua kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili si la kulaumiwa, na jarida la Kiswahili lingekuwa la mwisho kulilaumu. Lakini lina maana kwamba kizazi cha sasa kitahitaji njia ya kukifikia Kinyanga na Kihunde, na lugha ya njia hiyo itakuwa Kiswahili. Kiingereza cha Berkeley, Kifaransa cha Brussels, ambako Biebuyck na Mateene walichapa mkusanyo wao wa fasihi simulizi ya Kinyanga mwaka 1970, na Kijapani cha Tokyo vilifanya kazi yao kwa wasomaji wao.

Toleo linalohitajika linaweza kuelezwa bila shida. Kushoto iwe matini ya Rureke katika Kinyanga, yenye toni na irabu zake zote, mistari ikihesabiwa kwa tano-tano. Kulia iwe tafsiri ya Kiswahili, Kiswahili sanifu kinachokubali maneno ya Kivu pale ambapo sanifu haina neno. Chini ziwe safu mbili fupi: ya kwanza ionyeshe mahali ambapo karisi nyingine tatu zinakwenda njia tofauti, ya pili ifafanue maneno yanayohitaji kufafanuliwa. Mwishoni iwe orodha ya maneno. S.S. Mushi alipomleta Sophocles kwa Kiswahili katika Mfalme Edipode mwaka 1971, alifanya kazi bila kuwa na safu ya Kigiriki kando yake, na msomaji wake hakuidai. Hapa safu hiyo ipo tayari. Imechapwa, imehaririwa na mtu anayeijua lugha, na imelala nyuma ya kitabu kwa zaidi ya miaka 50.

Vizuizi vipo. Haki za uchapaji zitahitaji mazungumzo na mchapishaji wa California. Herufi zenye alama za Kinyanga, zilizokuwa ghali wakati wa risasi, siku hizi huandikwa na kompyuta ya kawaida, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Kinachobaki ni watu: wazungumzaji wa Kinyanga waliosoma isimu, wanaoweza kukaa na matini mstari kwa mstari pamoja na wazee waliopo, iwe Walikale au kambini. Tasnifu moja ya licence inaweza kubeba kipande cha kwanza, tangu kuzaliwa kwa Mwindo hadi anapofika kwa shangazi yake Iyangura. Kurasa za kipande hicho si nyingi, na kuna idara za isimu Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ambazo kila mwaka hutafuta mada za wanafunzi wao.